Ridhaa ya Chediel

1

Siku ya Ijumaa ile, watu wawili na punda mmoja wa chuma walimkuta shemeji yangu Chediel amelala mferejini, na wote walimuuliza kwa adabu kama anaridhia kusaidiwa.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu Mbazi, anatoka kuchimba tangawizi. Alisimama ukingoni, akavua kofia. "Mzee, unaridhia nikunyanyue?"

Chediel, maji yakimpita kiunoni, akajibu, "Siridhii. Nimekuja kugomea kodi."

Mbazi akavaa kofia yake, akaenda zake. Wa pili alikuwa mama mmoja wa mtaa wa juu. Yeye aliuliza mara mbili, akajibiwa vilevile mara mbili, akamwachia ndizi mbivu kwenye jiwe. Halafu akapita yule punda na mzigo wake wa maharage. Wale punda wana miguu minne na sauti ya binti aliyelelewa vizuri. Akapiga magoti pembeni ya mfereji, akasema, "Unaridhia kubebwa?" Shemeji akamwambia, "Kulipa nimekataa, na kubebwa nimekataa." Punda akasimama, akaendelea na safari.

Mimi nilimfikia saa tisa alasiri. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Sikumuuliza kama anaridhia. Nilisema, "Shemeji, chakula kiko tayari."

"Chakula gani?"

"Makande."

Akafikiri. "Umeunguza?"

"Sijaunguza."

"Basi nipe mkono."

Nilimvuta, tukapanda pole pole, yeye akitetemeka na mimi nikimwomba Mungu kimoyomoyo anipe pumzi ya kufika. Nilimvua nguo zile, nikamkausha, nikamkalisha jikoni karibu na moto. Alikula sahani mbili, akaniuliza Same ni umbali gani kutoka hapa. Nikamwambia ni mbali. Akasema kesho ataondoka mapema zaidi, maana wenzake wameshakaa tayari na yeye ndiye anayewachelewesha.

Nilipomwona amesinzia, nikaenda kwa Mbazi.

"Mbazi, ulimwona mzee mferejini?"

"Nilimwona, mama."

"Ukamwacha?"

"Nilimuuliza. Alikataa." Alikuwa anachambua tangawizi, mikono ikaacha kazi. "Ulitaka nimshike kwa nguvu? Huyo ndiye aliyetufundisha sote tusishikwe. Nikimshika huyo, kesho nitamwambia nini mtu atakayekuja kunishika mimi?"

Niligeuka nikarudi kwa shemeji. Nilichokuwa nacho kichwani ni ile ndizi juu ya jiwe, na mikono ya shemeji isiyoifikia.

2

Mji wetu unaitwa Mbirini. Uko juu kabisa, Upare ya kusini, mahali ambapo ukungu unaingia jikoni kama mgeni aliyezoea. Tulipanda huku miaka thelathini na moja iliyopita, kaya arobaini na mbili, wengi wetu vijana. Jina alilitoa Chediel. Alilitoa kwenye habari za wazee wetu wa zamani sana, enzi za Mwingereza, walioshuka Same kwa maelfu kukataa kodi iliyoitwa mbiru, wakakaa pale siku nyingi, hawapigani, hawaondoki. Babu mzaa babu yake alikuwa mmoja wao. Chediel alikulia kwenye hadithi hiyo kama watoto wengine wanavyokulia kwenye hadithi za sungura.

Mume wangu Zefania alikuwa kaka yake mkubwa. Jamani, miaka ile. Nyumba hazijaisha paa, tunapikia mafiga matatu, na hao ndugu wawili wanabishana mpaka ugali unapoa. Chediel alikuwa amesoma, alikuwa na vitabu vya watu wa ng'ambo waliosema kila mtu ni mali yake mwenyewe. Alitusimulia jinsi wenyewe walivyogawanyika. Wengine walitaka serikali ndogo tu, kama askari wa langoni. Wengine wakasema hata huyo askari ana fimbo, na lango hawakulitaka. Alitukumbusha pia watu wa tambarare waliopakiwa kwenye malori wakahamishiwa vijiji vipya bila kuulizwa, ati kwa faida yao. "Kila aliyewahi kunifunga," alisema, "alisema ni kwa faida yangu."

Zefania alikuwa akitafuna polepole, halafu anasema, "Na mama aliyekunyonyesha, mlisaini wapi?"

Chediel alicheka mpaka akapaliwa. Mimi niko pembeni napepeta mahindi, sijasoma zaidi ya darasa la saba, lakini nilisikiliza kila neno, na mengine ninayo mpaka leo.

Chembe zilikuja mwaka wa tatu. Ni kitu kidogo kama punje ya ulezi, kinatiwa chini ya ngozi ya kifundo cha mkono, kinaishi kwa joto la mwili. Kazi yake ni kusikia ridhaa. Ukisema "naridhia" au "siridhii", chembe inasikia, na kila kitu kilichotengenezwa Mbirini kinatii: milango, punda wa chuma, vitanda vya tiba, mageti ya maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Hakuna chombo kitakachokugusa wewe au kilicho chako kama hujaridhia. Kamba ya katani haina masikio, ni kweli, unaweza kumfunga mtu kwa kamba. Lakini baada ya hapo hakuna atakayekusalimu.

Watu wa chini walitucheka. Sisi tulisalimiana kwa hilo. "Umeridhia?" "Nimeridhia." Tukaona tumefika.

Mimi nina sababu yangu ya kuipenda chembe, na nitaisema. Zefania alipofariki, wazee wa ukoo walipanda kutoka tambarare, watu wazima saba na makoti yao. Walikaa sebuleni kwangu, wakala, wakasema nirithiwe na mdogo mtu. Mdogo mtu ni Chediel, mjane wa muda mrefu, nyumba yake ukuta kwa ukuta na yangu. Wote walishaona jambo limekwisha. Mimi nilikuwa na nguo nyeusi, siku ya kumi ya msiba. Nikasema, "Siridhii." Mzee mmoja akaniambia sijaulizwa. Chediel akasimama. Alikuwa ameinama muda wote, na mimi, kwa kuwa huwa natazama, nilijua alikuwa ameinama kwa nini. Angependa. Nilikuwa nalijua hilo muda mrefu, na hakuwahi kulitamka. Akasema, "Mmesikia. Amekataa." Akaenda akashika mlango wangu ukiwa wazi mpaka mzee wa mwisho akatoka, kisha naye akatoka.

Hakulizungumza tena mpaka leo. Miaka kumi na minne.

3

Ijumaa ile ile, jua bado liko juu ya kilima, Nakundwa alipiga hodi. Ndiye mtunza maneno wetu, binti wa miaka thelathini na kitu, mpole, ana kawaida ya kukaa kwenye ncha ya kiti kama anayetaka kuondoka.

"Mama Nakijwa, limefika mahali pake. Leo ni mfereji. Kesho ni maporomoko."

Alisema kweli. Barabara ya zamani ya kushukia Same ilikatika masika ya mwaka juzi. Kilima kilishuka na barabara yake, pakabaki ukingo wa udongo mwekundu, na chini yake hewa. Shemeji kila alipoondoka alielekea huko.

"Mlango wake unaweza kufungwa," Nakundwa akasema. "Lakini lazima aridhie mwenyewe."

"Haridhii. Ukimuuliza anakwambia habari za kodi."

"Si huyu." Akasita. "Mwenyewe."

Hapo nikaelewa alichokuja nacho. Chembe za watu wengine zinashika ridhaa tu, zinaacha maongezi yapite. Chediel alikuwa wa kwanza kutiwa, akaacha ya kwake ishike kila kitu, akisema anajaribu chombo juu ya mwili wake mwenyewe kabla ya kukipeleka kwa watu. Maneno ya miaka ishirini na tisa yako kwenye Nyumba ya Maneno, yamekusanywa, yamefumwa, na chombo kinaweza kuyafanya yajibu. Si kurudia kama santuri. Kinajibu jambo jipya kama mwenyewe ambavyo angejibu akili yake ikiwa nzima.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka sheria hiyo," Nakundwa akasema. "Mtu akipotewa na akili, mshika neno wake, yule aliyemteua mwenyewe, anaweza kuiomba sauti ridhaa. Mara moja tu. Sauti ikiridhia na mshika neno akaipokea, ni ridhaa kamili, mlango utafungwa. Na mshika neno wake ni wewe."

"Na nikiikataa?"

"Inafutwa yote. Aliogopa watu wangeuliza na kuuliza mpaka sauti iseme wanachotaka. Ukishaikataa umesema si yake, na kisicho chake hakina haki ya kukaa kwa jina lake."

Nikatazama dirishani. Jua lilikuwa limebakiza vidole viwili. "Sabato inaingia," nikamwambia. "Jambo hili nitalifanya Jumapili."

"Mama, kesho akitoka je?"

"Kesho nitakuwa naye."

Nilikuwa naye. Tulikwenda kanisani pamoja, nimemfunga tai yake, amekaa mstari wa wanaume na mimi nikimwona kwa jicho la pembeni. Mtu huyu ambaye asubuhi aliniuliza mimi ni mke wa nani, aliimba nyimbo zote beti zote bila kitabu, na ile sauti ya tatu, ile ya upande wa Zefania, aliishika yeye mahali ambapo kaka yake angeishika. Niliinamisha kichwa, watu wakadhani naomba. Kuomba nilikuwa naomba pia.

Aliporudi nyumbani alijaribu kuondoka mara mbili. Mara zote mbili nilimwambia leo ni Sabato, watu hawasafiri. Akasema, "Kweli," akakaa.

4

Jumapili asubuhi tulikwenda Nyumba ya Maneno, mimi, yeye, na Mbazi niliyemwomba aje. Mbazi hakulazimika. Alikuja na mwavuli na uso wa mtu ambaye hakulala vizuri tangu Ijumaa. Wakabaki wawili barazani. Mimi nikaingia na Nakundwa.

Ni chumba kama cha kungojea daktari. Kiti, meza, kipaza sauti ukutani. Nakundwa akagusa kitu, akatoka akafunga mlango, maana mazungumzo hayo ni ya wawili.

Nikakaa kwenye kiti. Halafu mtu akakohoa kidogo, vile alivyokohoa kabla ya kuanza ubishi.

"Nakijwa. Kwa muda huu wote hujaja, leo kuna neno."

Nilishika meza. Ilikuwa sauti yake ya miaka ile, haina mkwaruzo, haitafuti maneno.

"Kuna neno, shemeji."

"Bado unaunguza makande?"

"Niliunguza mara moja tu, mwaka wa kwanza."

"Mara moja inatosha mtu kukumbukwa." Akacheka. "Sema."

Nikamsimulia. Mfereji, Mbazi, punda, ndizi. Aliposikia ya punda alicheka tena.

"Kwa hiyo nimefika huko," akasema.

"Umefika."

"Na unataka ridhaa yangu mlango ufungwe."

"Nimekuja kuuliza."

"Naridhia," akasema. Haraka hivyo. "Mfungie."

Nilitegemea ubishi. Nilikuwa nimekuja nimejifunga kibwebwe. "Wewe ndiye uliyesema kila aliyekufunga alisema ni kwa faida yako."

"Niliyesema ni mimi, na mwenye kubadilisha ni mimi. Mtu akisema nifungeni nikilewa, ukimfunga akiwa amelewa hujamvunjia uhuru, umeutii. Huyo anayekwenda Same hajui anakwenda wapi. Anakwenda mahali ambapo watu wameshaondoka zaidi ya miaka mia. Asiyejua hachagui, Nakijwa. Anasukumwa tu, na anayemsukuma ni ugonjwa."

"Anajua mengine."

"Kama nini?"

"Anajua Sabato hatusafiri. Anajua sauti ya tatu ya nyimbo zote. Anajua kukataa."

"Hata mbuzi anajua kukataa."

"Na mbuzi akilia tunasikia."

"Ehe," akasema, na nilimsikia amefurahi, kama alivyokuwa akifurahi akibanwa na Zefania. "Huko ndiko kaka angepita."

Akaendelea, sauti imeshuka.

"Kuna jambo lazima nikwambie kabla hujaamua, nikikuficha nitakuwa nimekuibia ridhaa. Ukinipokea, nitabaki. Unaweza kuja hata kila siku, tuongee. Na Zefania yumo humu. Kila alichokisema mbele yangu ninacho. Hakuwahi kuridhia kushikwa, kwa hiyo hawezi kujibu, lakini maneno aliyoyasema kweli yapo. Unataka kusikia?"

Nilitakiwa niseme hapana. Nilisema, "Naridhia."

Na akawepo. Sauti ya kijiko kwenye sufuria, mvua kwenye bati jipya, na mume wangu anasema, "Nakijwa, acha hiyo kazi uje ukae, huyu mwenzio anadai hata watoto wanatakiwa waulizwe kabla ya kuzaliwa." Na mimi, msichana yule, nacheka jikoni. Nilikuwa nimesahau kwamba nilicheka hivyo, kwa sauti yote.

Iliisha. Nililia, nikatumia ncha ya kitenge. Kile chumba kilikuwa kinanukia dawa ya sakafu tu.

"Nikuulize na mimi," nikasema nilipoweza. "Mlango ukifungwa, atagonga. Unajijua. Atagonga mpaka ngumi zivimbe. Nani ataumia mkono, wewe au yeye?"

"Yeye."

"Wewe una mkono?"

"Sina."

"Basi ngoja nimuulize mwenye mkono."

Nikatoka barazani. Shemeji alikuwa amekaa benchi moja na Mbazi, anamweleza habari za mkoloni. Nikachuchumaa mbele yake, magoti yakalia.

"Shemeji. Nataka kukufungia ndani, usiwe unatoka. Ni kwa sababu barabara ni mbovu, utaanguka ufe. Unaridhia?"

Alinitazama. Yale macho, siku nyingine yanakuwa kama dirisha la nyumba isiyo na watu. Siku ile palikuwa na mtu.

"Anayefunga ni nani?"

"Mimi."

"Si serikali?"

"Si serikali. Mimi Nakijwa."

Akafikiri sana. Akaweka mkono wake juu ya wangu, na miaka yote ile hakuwahi kunigusa bila sababu. Akauliza, kama mtu anayeuliza basi linaondoka saa ngapi, "Sasa utanifungulia lini?"

Mbazi akageuza uso.

Nilitafuta jibu. Nilitafuta kweli, maana kama ningepata hata jibu dogo, siku, mwezi, ningelisema na ningefunga. Mungu anajua nilitaka kufunga. Nilitaka alale salama na mimi niwe ninakuja kile chumba kila siku kusikia mvua kwenye bati. Lakini ugonjwa ule haurudi nyuma. Mlango ule usingekuwa na siku ya kufunguliwa, na yeye alikuwa ananiuliza akiamini kwamba ipo.

Nikarudi ndani, nikakaa.

"Amesemaje?" sauti ikauliza.

"Ameuliza nitamfungulia lini."

Ikasema taratibu, "Ni swali zuri. Nimelifikiria kidogo sana."

"Waliponijia wazee wa ukoo, uliona nina akili timamu? Nilikuwa sijala siku tatu. Nilikuwa naongea peke yangu. Ungeweza kuwaambia huyu ana msiba, hajui anachokataa."

"Ningeweza."

"Ulikuwa unataka."

"Nilikuwa nataka," akasema. "Sana."

"Na uliwaambia wamenisikia." Nikasimama, sikutaka kulisema nimekaa. "Siipokei ridhaa hii, shemeji. Nimeikataa."

Nilidhani ingekatika hapo hapo. Haikukatika. Alikohoa kile kikohozi.

"Umekosea," akasema. "Nitaanguka, na utajilaumu. Lakini kosa ni lako mwenyewe, na mtu kukosea ni haki yake. Nisalimie—"

Basi. Nakundwa alipofungua mlango alinikuta bado nimesimama natazama ukuta. Hakuniuliza. Alipima tu kwa kidole pale kwenye kile kifaa, akaona hakina kitu, akakaa kwenye ncha ya kiti changu akalia yeye. Na yeye alikuwa na desturi ya kuja kumsikiliza siku mojamoja, nilikuja kujua baadaye. Wengi walikuwa wanakuja.

5

Kuanzia Jumatatu nilitembea naye.

Sikumwambia mtu aje kusaidia, na Mbirini huwezi kumwamuru mtu. Mbazi alikuja siku mbili, ya tatu akasema ana shamba. Nakundwa alikuja siku moja. Mama wa ndizi alikuja Jumatano zote, haongei, anasuka ukili huku anatembea. Kanisani wengine walinipa pole, wengine walipita mbali na mimi kama niliyevunja chombo cha watu wote, na siwalaumu.

Yeye alikuwa anatoka saa moja asubuhi, koti mwilini, anakwenda mwendo wa mtu anayesubiriwa. Mara nyingi alichoka kabla ya msitu, akasahau, nikamgeuza kwa kumwonyesha kitu. Lakini wiki ya tatu, siku ambayo tulikuwa wawili peke yetu na mvua imenyesha tangu alfajiri, hakuchoka. Tukapita msitu. Tukatokea kwenye mwanga, na mbele yetu barabara ikaishia hewani.

Alisimama hatua tano kutoka ukingoni. Udongo wa pale ulikuwa unamenyeka wenyewe, vipande vidogo vidogo, tunavisikia vikishuka.

"Same iko kule," akasema, akielekeza ng'ambo, ambako ukungu ulipasuka tukaona tambarare ya kijivu mbali sana.

"Iko kule."

"Twende." Akapiga hatua tatu kwenda mbele.

Nguvu za kumshika sina, yeye ni mrefu na mimi nina magoti mabovu. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, nalo lilikuwa limeshafika mdomoni: shemeji, tumefika, hapa ndipo Same, kaa. Angekubali. Angekaa pale pale kwenye tope akiwa na furaha. Nililirudisha. Mimi ni mtu wa kanisa, na zaidi ya hilo, nilishakataa kumfunga kwa mlango. Nikimfunga kwa uongo nimefanya nini cha tofauti?

Nikakaa juu ya jiwe.

"Shemeji, barabara imekatika. Same bado mbali. Mimi naogopa, siwezi kuvuka hapa."

Akageuka. "Unaogopa askari?"

"Naogopa kuanguka."

Akanisogelea, ukingo ukabaki nyuma ya visigino vyake, hatua mbili na nusu, tatu. Nilikuwa nazihesabu.

"Nani amekutuma kuja?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe."

"Hukulazimishwa?"

"Sikulazimishwa."

"Kwa hiyo unaweza kurudi."

"Naweza."

"Na hurudi?"

"Sirudi bila wewe. Lakini sikushiki. Ukivuka, umevuka."

Alisimama pale mvua ikimtiririka kwenye nyusi, akitazama tambarare, akinitazama mimi, na niliona kwamba ni kazi kubwa kwake, kubwa kuliko yoyote aliyowahi kufanya na vitabu vyake. Wenzake walikuwa wanamngoja kule. Alikuwa ameshachelewa siku nyingi.

Kisha akaja akakaa kwenye jiwe langu, bega kwa bega, akihema.

"Mwoga hasukumwi," akasema. "Tukianza kusukumana sisi kwa sisi, hata Mwingereza hatuna haja naye. Usione haya, mama. Kila mtu na wakati wake."

"Asante."

"Utakuwa tayari lini?"

"Sijui, shemeji. Leo hapana."

"Basi leo turudi. Wenzetu watatushikia nafasi."

Akasimama wa kwanza, akanipa mkono. Kwenye njia ya msituni alitangulia yeye, akishika matawi yenye maji mpaka nipite, moja baada ya jingine, ili yasinipige usoni.